Sura ya Nne: Mada Moja, Kazi Nyingi

Wanafunzi wengi huingia chumba cha mtihani wakiwa wamebeba mada. Wamesoma Vita vya Maji Maji, wamekariri sababu sita na matokeo matano, na wanamwomba Mungu mada hiyo itoke. Inatoka. Jicho linadaka maneno "Maji Maji", mkono unaanza kumwaga kila kilichohifadhiwa kichwani, na baada ya dakika arobaini kurasa tatu zimejaa. Kila sentensi ni ya kweli. Alama zinaporudi ni saba kati ya ishirini, na mwanafunzi analalamika kwamba msahihishaji amembania.

Hakubaniwa. Aliulizwa alinganishe, yeye akaeleza. Aliulizwa atathmini, yeye akaorodhesha. Alijua mada, hakufanya kazi aliyopewa.

Hoja ya sura hii ni moja, na ningependa uishike kabla hujaendelea: mada haikuambii uandike nini. Kinachokuambia ni kazi uliyopewa juu ya mada hiyo, pamoja na mtu utakayemwandikia. Mwanafunzi anayelielewa hili anaweza kupewa insha ya historia Jumatatu, hotuba Jumanne na uhakiki wa tamthilia Jumatano, naye asitetereke, kwa kuwa anajua pa kuanzia kila mara.

Ili tulione jambo hili kwa macho, tutachukua mada moja tu, hiyohiyo ya Maji Maji, vita vya mwaka 1905 hadi 1907 dhidi ya Wajerumani, na kuipitisha katika kazi mbalimbali ambazo mwanafunzi hupewa. Msomaji wa Nyeri au Murang'a anaweza kuweka Mau Mau mahali pake. Njia ni ileile.

Anza na swali, kisha daftari

Kabla ya kuandika chochote, soma swali mara mbili na kalamu mkononi. Mara ya kwanza pigia mstari kitenzi kinachokuagiza: eleza, fafanua, jadili, linganisha, tathmini, chambua, thibitisha. Mara ya pili pigia mstari mipaka: miaka, mahali, idadi ya hoja, kitabu kilichotajwa, idadi ya maneno. Kisha jiulize maswali matatu. Nani atasoma? Akimaliza kusoma anatakiwa ajue nini, aamini nini au afanye nini? Na ni ushahidi wa aina gani utakaomridhisha?

Majibu ya maswali hayo yaandike pembeni kwa maneno machache. Kazi hii inachukua dakika tatu. Wengi huziona dakika hizo kuwa za kupoteza kwa sababu wenzao tayari wanaandika. Mwache mwenzako aandike. Fundi cherehani asiyempima mteja humaliza kukata kitambaa mapema, lakini nguo haimtoshi mtu.

Eleza na fafanua: sababu lazima ifike kwenye tukio

Chukua swali la kawaida kabisa: "Eleza sababu nne za Vita vya Maji Maji." Hapa hakuna anayekuuliza maoni yako. Msomaji anataka kujua jambo lilitokeaje na kwa nini. Mtego wa swali hili ni orodha. Mwanafunzi huandika: kodi, kilimo cha pamba cha lazima, ukatili wa maakida, kudharauliwa kwa mila. Anaongeza sentensi moja kwa kila sababu na kudhani amemaliza.

Kodi peke yake si sababu ya vita. Watu wengi duniani wametozwa kodi wasipigane. Sababu inakuwa sababu pale unapomwonyesha msomaji njia iliyoanzia kwenye jambo hilo hadi kwa mtu kushika silaha. Tazama aya hii:

"Kuanzia mwaka 1902, chini ya Gavana von Götzen, serikali ya Wajerumani iliwalazimisha wanavijiji kufanya kazi katika mashamba ya pamba ya pamoja yaliyosimamiwa na majumbe. Kazi hiyo iliwatoa watu kwenye mashamba yao ya chakula, na malipo yake yalikuwa madogo mno. Chuki dhidi ya pamba ilionekana wazi mwezi Julai 1905: huko Nandete, katika vilima vya Umatumbi, kitendo cha kwanza cha uasi kilikuwa kung'oa mashina ya pamba."

Aya hii ina sentensi tatu tu, lakini ya mwisho ndiyo inayobeba zote. Kama watu walianza uasi kwa kung'oa pamba, msomaji hahitaji kubembelezwa aamini kwamba pamba ilikuwa sababu. Hiyo ndiyo kazi ya ushahidi: hukaa mahali ambapo hoja inauhitaji na kuisimamisha. Fanya hivyo kwa kila sababu, aya moja kwa sababu moja, nawe utakuwa umeeleza.

Jadili: chukua msimamo baada ya kusikiliza pande zote

Sasa swali linabadilika: "Bila maji ya Kinjekitile, Vita vya Maji Maji visingetokea. Jadili." Mada haijabadilika, na aya yako ya pamba bado ina thamani, lakini sasa itafanya kazi nyingine kabisa. Mtahini amekuletea dai. Anataka akuone ukilipima.

Anza kwa kulitendea haki. Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe alivuta watu kutoka sehemu nyingi waliokuja kuchukua dawa ya maji, wakiamini kwamba ingezigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro na wengineo hawakuwa na mtawala mmoja wa kuwaamuru wote waamke kwa pamoja. Imani katika maji iliwapa jambo la kuwaunganisha ambalo hakuna jumbe angeweza kuwapa. Upande huu una nguvu, usiupunguze ili uushinde kwa urahisi.

Kisha leta upande wa pili. Ghadhabu juu ya pamba, kodi na maakida ilikuwapo kabla ya maji kusambaa. Wangoni walikuwa na sababu zao, kwa kuwa walikuwa na dola yao iliyopokonywa uwezo na Wajerumani. Kinjekitile mwenyewe alinyongwa Agosti 1905, lakini mapigano yakaendelea hadi 1907. Na mwishoni mwa Agosti hiyohiyo, wapiganaji walioshambulia boma la Mahenge waliuawa kwa wingi na bunduki za rashasha. Maji hayakuzuia risasi, lakini vita havikuisha siku ile.

Hapa ndipo wanafunzi wengi husimama. Wameweka pande mbili, wanaandika "kwa hiyo pande zote mbili zina ukweli", wanaweka nukta. Huko ni kumwachia msomaji kazi yako. Kujadili kunakudai uamue, na uamuzi wako utokane na yale uliyoyaonyesha. Mathalani: maji hayakuzalisha ghadhabu, ila ndiyo yaliyoiwezesha kuvuka kutoka kabila moja hadi jingine; bila maji kungekuwa na maasi madogomadogo, si vita vilivyoenea kusini yote. Unaweza kuamua tofauti na hapo. Mtahini hatakunyima alama kwa kutokubaliana naye. Atakunyima kwa kutokuwa na msimamo, au kwa kuwa na msimamo usio na miguu.

Linganisha: panga kwa vigezo

"Linganisha na linganua upinzani wa Mkwawa na ule wa Maji Maji." Kosa linalojirudia katika swali hili ni kuandika insha mbili ndogo: kurasa mbili za Mkwawa, kurasa mbili za Maji Maji, kisha sentensi moja ya kusema zinafanana na kutofautiana. Msomaji analazimika kulinganisha mwenyewe.

Panga kazi yako kwa vigezo. Kigezo cha kwanza ni uongozi: Wahehe walikuwa na mtawala mmoja mwenye jeshi, Mkwawa, wakati Maji Maji iliwaleta pamoja watu wa jamii nyingi zisizo na amri moja. Kigezo cha pili ni njia ya kupigana: Wahehe walikiangamiza kikosi cha Emil von Zelewski kule Lugalo Agosti 1891, walikuwa na ngome Kalenga, na baada ya ngome hiyo kuanguka Oktoba 1894 Mkwawa akaendelea kupigana porini hadi kifo chake mwaka 1898. Wapiganaji wa Maji Maji walianza kwa mashambulizi ya wazi dhidi ya boma, kisha nao wakageukia vita vya msituni. Kigezo cha tatu ni jinsi Wajerumani walivyoshinda, na hapa pana mfanano mzito: katika vita vyote viwili silaha haikuwa bunduki peke yake, ilikuwa pia njaa, kwa kuchoma vijiji na kuharibu mazao.

Kila kigezo kikipata aya yake, na Mkwawa na Maji Maji wakikutana ndani ya aya hiyohiyo, ulinganisho unaonekana bila kutangazwa. Ukitaka kupanda ngazi moja zaidi, malizia kwa kueleza tofauti iliyo na uzito kuliko nyingine na kwa nini. Ukweli kwamba Wahehe, waliopigana kwa ukali namna hiyo miaka ya 1890, hawakujiunga na Maji Maji mwaka 1905, unastahili aya nzima.

Tathmini: taja kipimo chako

"Tathmini kauli kwamba Vita vya Maji Maji havikufaulu." Kutathmini ni kupima, na huwezi kupima bila kipimo. Kabla ya kusema vilifaulu au havikufaulu, mwambie msomaji unapima kwa nini.

Kijeshi, vilishindwa, na hakuna ubishi. Kwa maisha ya watu, vilikuwa msiba: makadirio ya serikali ya Wajerumani yalikuwa Waafrika 75,000 waliokufa, ilhali mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa. Kisera, Gavana von Rechenberg, aliyechukua uongozi mwaka 1906, hakuendelea na mashamba ya pamba ya pamoja. Kisiasa, chama cha TANU kilivikumbuka vita hivyo kilipodai uhuru, na mwaka 1956 Julius Nyerere alivitaja mbele ya Umoja wa Mataifa.

Angalia jinsi takwimu za vifo zilivyowekwa. Vyanzo viwili vinatofautiana sana, na mwanafunzi mwenye haraka huchagua kimoja na kukiandika kama ukweli wa mwisho. Mwanafunzi makini hutaja vyote viwili, husema kila kimoja kimetoka kwa nani, na humkumbusha msomaji kwamba serikali iliyopigana vita ilikuwa na sababu ya kuhesabu kidogo. Uaminifu huo haupunguzi nguvu ya insha. Ndio unaomfanya msomaji akuamini katika mengine.

Unapopewa msomaji mwenye sura

Hadi hapa msomaji wako alikuwa mtahini. Lakini kuna kazi ambazo swali lenyewe humtaja msomaji mwingine: hotuba, barua, risala, ripoti, kumbukumbu za mkutano, tahariri, mahojiano. Wakenya huziita tungo za kiuamilifu, na katika karatasi ya insha ya KCSE swali la kwanza, ambalo ni la lazima, mara nyingi hutoka huko.

Tuseme umeambiwa uandike hotuba itakayosomwa na kiongozi wa wanafunzi mjini Songea tarehe 27 Februari, siku ya kuwakumbuka mashujaa wa Maji Maji. Yale uliyoandika katika tathmini hayafai kusomwa hapa jinsi yalivyo. Anayesikiliza hawezi kurudi nyuma ukurasa mmoja. Amesimama juani, pamoja na wazee na watoto. Anahitaji sentensi fupi, jambo moja kwa wakati mmoja, na kitu anachokijua kwa macho yake:

"Mheshimiwa mgeni rasmi, wazee wetu, walimu wetu, wanafunzi wenzangu. Mji tunaosimama ndani yake leo una jina la mtu. Nduna Songea Mbano alinyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Hakuwa peke yake. Leo tumekuja kuwataja."

Hapo hakuna takwimu, hakuna tanbihi, hakuna "kwa upande mwingine". Kuna itifaki, kwa sababu mzungumzaji hawezi kuanza kabla ya kuwatambua waliopo kwa heshima zao. Kuna jina. Kuna sababu ya watu kuwa pale. Hoja za historia zitafuata, lakini zitakuja zikiwa zimevaa sauti ya mtu anayezungumza na watu.

Kumbukumbu za mkutano ni kinyume chake. Huko sauti yako haitakiwi kabisa. Kichwa hutaja kikundi, mahali, tarehe na saa. Kisha huja waliohudhuria, waliotuma udhuru na waliokosa kuhudhuria, halafu ajenda: kufungua mkutano, kusoma na kuthibitisha kumbukumbu za mkutano uliopita, yatokanayo, mambo mapya, shughuli nyinginezo na kufunga mkutano. Mwisho ni sahihi za mwenyekiti na katibu, pamoja na tarehe. Lugha ni ya taarifa na ya wakati uliopita: mwanachama fulani alipendekeza, mkutano uliamua, fulani alikabidhiwa jukumu. Atakayesoma miezi sita baadaye anataka kujua kilichoamuliwa na nani wa kuulizwa.

Sura ya kila utungo wa aina hii ijifunze kwa moyo, kwa kuwa alama za sura hupatikana kirahisi na hupotea kirahisi. Lakini usidhani sura ndiyo utungo. Barua yenye anwani mbili zilizopangwa vizuri na ombi lisiloeleweka ni barua iliyoshindwa.

Fasihi: ushahidi umo ndani ya kitabu

Ebrahim Hussein aliandika tamthilia ya Kinjekitile, iliyochapishwa mwaka 1969. Sasa swali ni: "Chambua mgogoro wa ndani wa Kinjekitile kama mhusika mkuu." Mwanafunzi aliyesoma historia yuko hatarini hapa kuliko asiyeisoma, kwa sababu atakimbilia kusimulia vita.

Katika uhakiki, ushahidi ni yale mwandishi aliyoyaweka katika kitabu: maneno ya wahusika, matendo yao, maelekezo ya jukwaani, na mpangilio wa maonyesho. Kinjekitile wa Hussein anatoka mtoni na ujumbe wa umoja, lakini ujumbe huohuo una sehemu inayomtia shaka. Watu wanaendelea na maji hata pale yeye anapotaka wasubiri. Mwishoni, akiwa mikononi mwa adui, anakataa kuyakana maji ambayo yeye mwenyewe aliyatilia shaka. Mgogoro wake umo katika pengo hilo kati ya anachokiamini na kile ambacho watu wamekwisha kukiamini kwa sababu yake.

Hoja kama hiyo ikipatikana, kila aya ichukue tukio moja na kuonyesha linavyoisukuma hoja mbele. Muhtasari wa hadithi uwe wa sentensi moja au mbili. Msahihishaji amesoma kitabu. Anachotaka kuona ni ulichokiona wewe.

Na kumbuka mpaka wa upande wa pili: tamthilia haiwezi kuwa ushahidi katika insha ya historia. Kinjekitile wa jukwaani amebuniwa na msanii kwa makusudi ya kisanaa. Ukimnukuu kuthibitisha kilichotokea Ngarambe mwaka 1905, umechanganya nyaraka na sanaa, na mwalimu wa historia atakukata kwa haki.

Methali na masimulizi

Insha ya methali inapendwa na wengi na kuharibiwa na wengi. "Mchelea mwana kulia hulia yeye." Methali hii ina sehemu mbili, na kisa chako lazima kizitimize zote. Sehemu ya kwanza ni mzazi anayeogopa kumrudi mtoto. Sehemu ya pili ni mzazi huyohuyo kulia baadaye kwa sababu ya woga ule. Wanafunzi wengi husimulia mtoto mtundu aliyefukuzwa shule, wakamsahau mzazi. Kisa kinaweza kuwa kizuri kabisa na bado kikawa cha methali nyingine.

Kabla ya kuanza kusimulia, andika sentensi mbili: mzazi wangu alimchelea mtoto katika tukio gani, na alilia kwa sababu ya tukio gani. Kama tukio la pili halitokani na la kwanza, badilisha kisa sasa hivi, ukiwa bado hujatumia karatasi.

Saa na rasimu

Karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika KCSE ni ya saa 1 na dakika 45, na mwanafunzi huandika insha mbili, kila moja ikiwa na alama 20 na maneno 400 hivi. Ukigawa sawa, kila insha ina takribani dakika 50. Tenga kumi za kusoma swali na kupanga hoja, 35 za kuandika, na tano za kusoma ulichoandika. Anayetumia dakika 70 kwenye insha ya kwanza kwa kuwa ameipenda, huipokonya ya pili alama ambazo ya kwanza haiwezi kumrudishia.

Kazi ya nyumbani au ya semina chuoni ina nafasi kubwa zaidi, na kwa hiyo haina kisingizio. Andika rasimu nzima bila kusimama kurekebisha. Iache ilale. Ukiirudia, isome mara tatu kwa macho tofauti: kwanza uone kama kila aya inajibu swali, pili uone kama kila dai lina ushahidi, na mwisho kabisa ushughulikie sarufi, upatanisho wa ngeli na tahajia. Wanafunzi wengi huanza na hilo la mwisho na kuishia hapo. Wanasafisha sentensi za aya ambayo haikupaswa kuwapo.

Somea mwenzako aya yako ya kwanza kwa sauti, kisha mwulize: unadhani swali lilikuwa nini? Akishindwa kubahatisha, rudi kwenye meza.

Kazi ya mwingine na kazi ya mashine

Ukitumia wazo la Gwassa, mtaje Gwassa. Ukitumia maneno yake yaleyale, yafunge kwa alama za kunukuu na uonyeshe mwaka na ukurasa. Kuchukua bila kutaja ni wizi wa kitaaluma, uwe umenakili kitabu, kazi ya kaka aliyesoma mwaka uliopita, au ukurasa wa intaneti.

Siku hizi kuna programu za akili mnemba zinazoandika insha nzima kwa sekunde chache. Nitasema wazi ninavyoona. Zinaweza kukutungia marejeo ya vitabu ambavyo havijawahi kuandikwa, na aibu itakuwa yako. Lakini hata zingekuwa hazikosei, hasara kubwa iko kwingine. Mwalimu hakukupa swali la Maji Maji kwa sababu anakosa insha za Maji Maji. Alikupa ili upitie kazi ya kupima dai, kuchagua ushahidi, na kuamua. Mtu akikufanyia kazi hiyo, au mashine ikikufanyia, karatasi itawasilishwa na wewe utabaki ulivyokuwa. Siku utakayoitwa kwenye usaili, au kuandika ripoti ya zahanati unayoisimamia, au kutetea shauri la kijiji chako mbele ya baraza la ardhi, hutakuwa na pa kukimbilia.

Kazi ya mwanafunzi ina uzito

Wapo wanaodhani insha za shule ni mazoezi tu, karatasi za kutupwa baada ya alama kuingizwa. Historia ya mada tuliyoitumia katika sura hii inakataa.

Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, walikwenda katika maeneo yaliyopigana Maji Maji. Zaidi ya miaka 60 ilikuwa imepita, na wazee waliokumbuka walikuwa wanapungua. Wanafunzi waliwahoji, wakaandika walichosimuliwa, kisha wakaandika makala zao. Makala hizo zilikusanywa na kuhifadhiwa chini ya jina la Mradi wa Utafiti wa Maji Maji. Mwanahistoria John Iliffe alizitumia katika kitabu chake cha historia ya Tanganyika cha mwaka 1979, na wanahistoria wa vita hivyo wanazirejea hadi leo. Mengi tunayoyajua kutoka upande wa waliopigana, tofauti na faili za Wajerumani, yalipita kwenye kalamu za wanafunzi waliopewa kazi na kuifanya sawasawa.

Kwa hiyo, mwanafunzi mwenzangu, ukipewa swali kesho, usiulize kwanza unajua nini juu ya mada. Uliza umepewa kazi gani, unamwandikia nani, na utamthibitishia kwa nini. Kisha kaa chini uifanye kazi hiyo kama kwamba kuna mtu atakayeihitaji miaka 60 baadaye. Huenda yupo.